Taarifa Hutangulia, Mtu Hufuata

Kwa miaka kadhaa nimefundisha somo la mazingira ya biashara kwa wanafunzi wa stashahada katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mada ya teknolojia ya kidijitali niliifundisha vibaya. Niliandika ubaoni faida sita na hasara tano, wanafunzi wakazinakili, wakazikariri, na kwenye mtihani wakanirudishia zile zile kwa mpangilio ule ule: teknolojia hurahisisha mawasiliano, hupunguza gharama, huongeza ufanisi, hupunguza nafasi za kazi. Hapakuwa na uongo katika hoja hizo, lakini sikuona hata moja ambayo mtu angeweza kuitumia akiwa anafungua duka lake asubuhi au akisubiri kuitwa kwenye chumba cha usaili.

Aliyenigutusha ni binti mmoja ambaye katika mada hiyo alipata alama za juu kuliko wenzake wote. Miezi michache baada ya kuhitimu alinijia ofisini na bahasha yake ya vyeti, akanieleza kwamba maombi yake ya kazi, aliyoyatuma kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni, yalikuwa yamekwama kabla hayajasomwa na binadamu yeyote. Jina lake la ukoo ni la Kigogo, la aina ile inayoanza na sauti ya puani ambayo makarani hawajawahi kukubaliana namna ya kuiandika. Cheti cha kuzaliwa kina herufi h, cheti cha kidato cha nne hakina, na taarifa zake za NIDA zilifuata cheti cha kuzaliwa. Zamani karani wa masijala angeinua macho kutoka kwenye faili na kuuliza, "Binti, mbona jina lako huku lina h na huku halina?" Naye angeeleza, wangecheka kidogo, na faili lingeendelea na safari yake. Safari hii hapakuwa na wa kuuliza wala wa kuelezwa. Binti huyo ndiye aliyeniandikia kwenye mtihani kwamba teknolojia huongeza ufanisi, nami nikampa alama mbili kamili kwa hoja hiyo.

Tangu hapo nimeipanga mada yote kuzunguka jambo moja, nalo ni kwamba katika biashara na katika ajira, taarifa za mtu sasa hufika mahali kabla yake, na mara nyingi uamuzi hufanyika zikiwa peke yake. Mengine yote yaliyomo kwenye muhtasari wa somo ninayafundisha kama matawi ya jambo hilo. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona kwamba nimeibana mada, na huenda wana haki, lakini napendelea mwanafunzi aondoke na kitu kimoja anachokijua kwa undani kuliko kumi na moja anavyovitaja kwa pumzi moja.

Ninaanza na fedha, kwa sababu ndipo karibu kila Mtanzania alipokutana na teknolojia hii kwa mara ya kwanza. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, wakati ambapo wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wadogo mno, kwa hiyo kwao kutuma fedha kwa simu ni jambo la kawaida kama kuteka maji bombani. Ninawataka wakawaulize wazazi wao fedha ilisafirije kabla ya hapo. Hurudi na habari za bahasha zilizokabidhiwa kwa makondakta wa mabasi, za hundi za Posta, na za ndugu aliyeombwa apitie njia ya Singida ili tu afikishe ada. Mmoja anayetokea Manyoni alisimuliwa na baba yake kwamba noti zilishonewa ndani ya bitana ya begi, na mwenye begi hakuambiwa mpaka alipofika shuleni. Nawauliza: ni kumbukumbu gani ilibaki baada ya fedha ile kufika? Jibu ni kwamba haikubaki yoyote, isipokuwa kwenye vichwa vya watu wawili au watatu.

Baada ya hapo tunakwenda Soko la Majengo. Si ziara ya kutalii. Kila kundi la wanafunzi wanne linabeba maswali mawili tu, nayo ni haya: mteja akikulipa, unabaki na kumbukumbu gani, na nani mwingine anaweza kuiona kumbukumbu hiyo? Swali la kwanza wafanyabiashara hulijibu kwa wepesi. Swali la pili huwafanya waweke chini walichokishika.

Muuza unga mmoja wa jumla aliwaonyesha vijana wangu kwamba tangu aanze kupokea malipo kwa lipa namba, mtiririko wa miamala yake ndio uliomwezesha kupata mkopo, kwa kuwa mkopeshaji aliweza kuona mauzo ya miezi mingi bila kuhitaji kufika dukani wala kuamini maneno yake. Hatua chache kutoka hapo, muuza maharage alikataa kabisa kubandika namba hiyo ukutani. Kundi lililozungumza naye lilitaka kuandika kwenye ripoti kwamba hana elimu ya teknolojia, nami nikawarudisha wakamsikilize tena. Mzee yule anaielewa teknolojia kuliko wao. Alikuwa amepiga hesabu kwamba fedha ya mkononi haina makato, haimwonyeshi ndugu mwenye shida kiasi gani kimeingia leo, na haiachi nyayo ambazo mtu mwingine atazifuata kwa sababu zake mwenyewe. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na mwanafunzi wa biashara anapaswa kuutambua kama uamuzi hata kama yeye angeamua vingine.

Hapo ndipo ninapoingiza habari ya tozo ya miamala ya simu iliyoanza kutozwa Julai 2021. Wanafunzi wengi wanakumbuka malalamiko ya majumbani, ila hawajawahi kuyaangalia kwa jicho la biashara. Watu walilalamika, wengine wakarudi kwenye fedha taslimu, na miezi miwili haikupita kabla serikali haijaipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Baadaye ilipunguzwa tena. Kwa somo langu, kisa hicho kinaonyesha vizuri kuliko kitabu chochote kwamba mfanyabiashara hupima gharama ya kuonekana kila siku, na gharama hiyo ikipanda anajua njia ya kurudi gizani. Wakala wa fedha naye ana hesabu zake: mteja anayelipa dukani moja kwa moja kwa simu haji tena kutoa fedha, hivyo kamisheni inapungua huku floti, yaani fedha anayolazimika kuwa nayo ili ahudumie wateja, ikiendelea kudai mtaji ule ule. Kijana mmoja darasani, ambaye dada yake ana kibanda cha uwakala eneo la Chang'ombe, alilieleza jambo hili kwa dakika kumi, na kwa kweli alinipita mimi.

Mambo mengine ya upande wa biashara ninayapitia haraka: mashine za kielektroniki za stakabadhi zilizoanza kutumika mwaka 2010, tiketi za treni ya SGR ambazo abiria wa Dodoma anazikata kwa simu tangu safari zilipoanza mwaka 2024, matangazo ya Instagram ambayo wanafunzi wanayajua kuliko mimi. Kwa kila moja ninauliza maswali yale yale mawili ya Majengo, kisha tunaendelea.

Upande wa ajira ndipo tunapokaa muda mrefu zaidi, na sidhani kama kuna mji unaofaa zaidi kufundishia mada hii kuliko Dodoma. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iko hapa hapa, Mji wa Serikali uko Mtumba, na ni vigumu kuipata nyumba isiyo na mtu mwenye nenosiri la Ajira Portal lililoandikwa nyuma ya daftari. Wanafunzi wangu wanawaona wasailiwa wakishuka stendi ya Nzuguni na bahasha za kaki, wakiuliza daladala ya kwenda chuo kikuu. Kwao ajira ya kidijitali ni kaka na dada zao.

Ninawapa takwimu moja tu na kuwaachia waikokotoe. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, ambazo usaili wake wa kuandika ulifanyika Machi 2025, ilipokea maombi 135,027. Ni karibu watu 85 kwa kila nafasi moja. Kisha ninawauliza: afisa mmoja akisoma kila ombi kwa dakika tano bila kusinzia, atamaliza lini? Wanapiga hesabu na kupata zaidi ya saa 11,250, yaani siku za kazi 1,400 na ushee za saa nane nane, ambazo ni zaidi ya miaka mitano. Darasa hunyamaza kidogo hapo. Mpaka wakati huo wengi wao huamini kwamba mashine ya kuchuja maombi imeletwa na uvivu au ukatili wa mtu fulani. Baada ya hesabu hiyo wanaelewa kwamba kuomba kazi kumerahisishwa hadi mtu anaweza kuomba akiwa kitandani Kondoa, na wingi huo huo wa waombaji ndio unaolazimisha uwepo wa mashine ya kuwapunguza.

Baada ya hapo tunafanya zoezi ambalo nimelirudia sasa kwa madarasa matatu, na lile la mwisho ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 36. Niliandika tangazo la kazi la kubuni: duka la jumla la vifaa vya ujenzi lililoko Kisasa linahitaji msimamizi mwenye uzoefu wa biashara, anayeweza kutumia Excel, na anayeishi Dodoma. Wanafunzi 30 waliandika maombi ya kweli, kwa majina yao na kwa mambo waliyowahi kuyafanya. Sita waliobaki niliwagawa makundi mawili. Watatu walikuwa kamati, wakapewa maombi yote 30 kwenye karatasi wayasome kama watu wasomavyo. Watatu wengine walipewa maombi yale yale kwenye kompyuta na kuagizwa watengeneze masharti ya kuyachuja kwa maneno, wasisome kitu. Kila kundi lilitakiwa kuleta majina matano baada ya saa moja na nusu. Kipindi kilikuwa cha mchana, baada ya ugali, upepo wa Agosti ukipiga mabati na vumbi likiingia hadi kwenye projekta. Nayataja haya kwa sababu yalichangia matokeo.

Majina matano ya kamati na majina matano ya kompyuta yaligongana kwa jina moja tu.

Tulianza kwa kuichunguza kompyuta. Masharti ya vijana wale yalikuwa matatu: ombi liwe na neno "Excel", liwe na neno "uzoefu", liwe na neno "Dodoma". Aliyeondolewa kwa sharti la kwanza alikuwa binti ambaye kila mtu darasani alijua kwamba anaiweza kazi ile. Tangu kidato cha pili ametunza hesabu za duka la mama yake, na aliandika kwa Kiswahili safi kwamba anatunza mauzo na madeni ya duka kwa majedwali ya kompyuta. Neno Excel hakuliandika. Na hata angeliandika, sharti la tatu lingemkamata, kwa kuwa alitaja anwani yake kuwa Chamwino, na kompyuta haikuambiwa kwamba Chamwino iko mkoa huu huu. Wakati huo huo, miongoni mwa watano waliopita alikuwemo kijana aliyeandika kwa uaminifu wote, "Sijawahi kutumia Excel, lakini sina uzoefu wa kushindwa kujifunza, hasa nikiwa hapa Dodoma." Maneno yote matatu yalikuwepo. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha jirani akaja kuchungulia.

Walipomaliza kucheka walitaka tuhitimishe kwamba mashine ni mbaya na turudi kwenye karatasi, nami nikawaomba tuichunguze kamati kwa ukali ule ule. Kati ya watano waliowachagua, watatu wanaishi hosteli moja na mwenyekiti wa kamati. Walikana upendeleo, na ninaamini walikana kwa dhati. Nilipowauliza walisomaje, walikiri kwamba maombi ya mwanzo waliyasoma yote, na kuanzia ombi la kumi na mbili hivi walikuwa wamechoka, wakawa wanasoma aya ya kwanza na jina. Jina wanalolijua lilikuwa na picha ya mtu kichwani mwao. Jina wasilolijua halikuwa na kitu.

Binafsi nimekwisha kuchukua upande katika jambo hili, na wanafunzi wanajua. Upendeleo wa kamati ulikuwa ndani ya vifua vya watu watatu na tungeweza kubishana juu yake mpaka magharibi bila kuuona. Upendeleo wa kompyuta ulikuwa umeandikwa mstari wa kwanza na wa tatu wa masharti, na mtu yeyote angeweza kuusoma kwa sauti, kuupinga na kuufuta. Kwa hiyo sioni tatizo kubwa katika kuwepo kwa mashine ya kuchuja. Tatizo ninaliona pale ambapo mwombaji, na wakati mwingine hata mwajiri aliyeinunua, hawezi kuyasoma masharti yake.

Tatizo hilo lina mfano unaojulikana dunia nzima. Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani ilikuwa imeachana na programu yake ya kupima wasifu wa waombaji, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2014. Programu hiyo ilikuwa imefundishwa kwa wasifu uliopokelewa katika kipindi cha miaka 10, mwingi ukiwa wa wanaume, nayo ikajifundisha kushusha alama za wasifu uliotaja jambo lolote "la wanawake", kwa mfano unahodha wa klabu ya wanawake. Hakuna aliyeandika sharti hilo. Liliokotwa kutoka kwenye mazoea ya zamani, kama vile kompyuta yetu ingejifunza kwa kuitazama kamati yetu na kuhitimisha kwamba sifa kubwa ya msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi ni kulala hosteli fulani.

Sheria zipo, na ninawasomesha vifungu vyenyewe badala ya muhtasari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa mfanyabiashara yeyote anayekusanya wasifu wa watu, na imezungumzia pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake bila mkono wa mtu. Wanafunzi wengi hushangaa kwamba mwenye duka wa Kisasa aliyepokea wasifu 30 kwenye WhatsApp naye ana wajibu juu ya nakala zile za vyeti zinazobaki kwenye simu yake. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na kufungwa na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, cheti kina namba ya mtahiniwa, na mwenye kuvishika vyote hivyo pamoja ameshika karibu mtu mzima.

Hiyo ndiyo sababu matangazo ya kazi ya uongo tunayapa kipindi kizima. Miaka ya nyuma tapeli alihitaji ofisi ya kukodi na suti. Sasa anahitaji nembo aliyoinakili na namba ya simu ya kupokelea "ada ya usaili". Nawataka wanafunzi waniletee matangazo kutoka kwenye makundi yao ya WhatsApp, tunayachambua moja moja, na mara nyingi ishara huwa katika kile kinachoombwa mapema mno: fedha kabla ya usaili, picha ya kitambulisho kabla ya jina la mwajiri kuthibitika. Wanne kati ya wale 36 walikiri kwamba walikwisha kutuma fedha. Mmoja alikuwa ametuma mara mbili.

Binti mwenye herufi h alikwenda kula kiapo cha majina kwa wakili, akayasawazisha majina yake kwenye vyeti na kwenye mfumo, na siku hizi ninamwalika kila mwaka aje awaeleze wadogo zake hatua alizopitia na muda uliompotea. Huwa anaanza kwa kuwataka wote watoe cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA, wavilaze mezani, na wavisome herufi kwa herufi. Safari iliyopita wanafunzi saba waligundua tofauti zao hapo hapo. Za wawili kati yao zilikuwa za tarehe.

Kipindi cha mwisho cha mada tulikifanya juu ya mfanyabiashara wa vitenge wa Majengo, ambaye aliwaambia wanafunzi wangu kwamba kabla ya kumwajiri msichana wa kujibu oda za wateja, huomba namba ya simu na kukaa wiki nzima akiangalia stetasi zake bila kumwambia. Nia yake ni kujua anaandikaje, anaamka saa ngapi, anagombana na nani. Niliwauliza: ana haki? Baadhi walisema stetasi imewekwa ili itazamwe, na mama yule anatafuta mtu atakayezungumza na wateja wake kwa jina la duka. Wengine walisema msichana aliandika kwa rafiki zake, hakuandika kwa mwajiri, na kwamba stetasi ya ujauzito au ya msikitini itamfunulia mama yule mambo ambayo sheria inamkataza kuyapima. Tulipiga kura. Waliosema ana haki walikuwa 19, waliopinga 15, na wawili walikataa kupiga kura mpaka waambiwe kama msichana mwenyewe aliwahi kuulizwa. Muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nimewatuma hao wawili warudi Majengo wakaulize, na Alhamisi watatuletea jibu.